Mkoba wa ngozi kwa pateni: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaofika karakanani na pateni mkononi, yaani karatasi iliyochorwa vipande vya kukata, na ngozi begani, na kwa wengine wanaotuma picha saa nne za usiku wakiuliza, "Fundi, hapa nimekosea wapi?" Nimeyapanga kwa jinsi kazi inavyokwenda, kuanzia karatasi hadi ukingo.

Mfano nitakaourudia ni mkoba mmoja tu, ili tusipotezane: kipande cha mbele na cha nyuma, kila kimoja upana wa sm 38 na kimo cha sm 34; ubavu wa sm 10, yaani ule ukanda unaoshuka upande mmoja, ukapita chini na kupanda upande wa pili; mikanda miwili ya mkononi; na mfuko mdogo wa ndani. Mkoba wa kwenda nao kazini au sokoni.

KARATASI

Mimi ni mgeni kabisa. Nichague pateni ya namna gani?

Yenye vipande vichache na mishono iliyonyooka. Usianze na mkoba wenye kifuniko cha duara, zipu mbili na mifuko sita, hata kama picha yake imekuvutia. Angalia mambo mawili kabla hujalipia: je, pateni inataja unene wa ngozi iliyokusudiwa? Na je, imechorwa matundu ya sindano, au umeachiwa upime mwenyewe? Isiyotaja unene iache.

Nimechapisha pateni steshenari, nimekata, vipande havikutani. Nimeuziwa pateni mbovu?

Mara nyingi pateni ni nzima, printa ndiyo iliyoharibu. Kijana wa steshenari akifungua faili, kompyuta yenyewe hupendekeza kulipunguza ili lienee kwenye karatasi, naye hubonyeza kwa sababu nyuma yako kuna watu watano wanataka kutoa kopi za vyeti. Mwambie mapema: ukubwa halisi, asilimia 100, asipunguze chochote. Halafu usitoke dukani kabla ya kupima. Pateni nzuri huwa na mraba wa kupimia, wa sm 5 au wa inchi moja. Weka rula juu yake palepale kaunta.

Watu huniambia, "Milimita mbili tu, fundi." Haya, tuhesabu. Mraba wa sm 5 ukitoka sm 4.8, kila kitu kimepungua kwa asilimia 4. Upana wetu wa sm 38 umekuwa sm 36.5. Matundu yaliyochorwa kila baada ya mm 4 sasa yamekaa kila baada ya mm 3.84, na uma wako wa kutobolea (chuma chenye meno cha kutobolea matundu ya sindano) bado una meno yaliyoachana kwa mm 4. Kwenye mshono wenye matundu 250, wewe na karatasi mmeachana kwa sm 4. Ubavu utabaki unaning'inia kama mkia.

Pateni za Marekani zina mtego wake: hupangwa kwa karatasi ya huko, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 na fupi zaidi (mm 216 kwa 279, ilhali A4 ni 210 kwa 297). Ukichapisha kwa asilimia 100, pembeni patakatwa milimita chache, na kwa kawaida pale ni peupe. Hakuna hasara. Hasara huanza ukiiruhusu printa ikusaidie.

Kipande cha sm 38 hakitoshi kwenye A4 moja, kwa hiyo utaunganisha karatasi kadhaa. Unganisha kwa kufuata alama zilizochorwa, wala usifuate kingo za karatasi. Ukishamaliza, bandika yote kwenye karatasi ngumu, boksi jembamba au jalada la faili, kisha ukate. Karatasi tupu huhama chini ya kisu.

Pateni inasema ngozi ya aunsi 4 hadi 5, na mishono sita kwa inchi. Hizo aunsi nazipimaje?

Hupimi kwa mizani. Kwenye ngozi, aunsi moja ni unene wa karibu mm 0.4, kwa hiyo 4 hadi 5 ni mm 1.6 hadi 2. Inchi ni mm 25.4, na mishono sita kwa inchi ni karibu mm 4 kila mmoja. Mishono minane ni kama mm 3.

Naweza kufumua mkoba wa mtumba nikapata pateni?

Unaweza, na kama ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kumfundisha, ningeanza naye hapo. Nunua mkoba wa ngozi uliochoka, wa bei ya chini, ambao mikanda yake imekwisha. Kabla hujashika wembe, piga picha kila upande, ndani na nje. Kisha fumua taratibu, ukiandika kila kipande namba kwa mpangilio uliokitoa. Mpangilio huo ukiusoma kinyumenyume, ndio mpangilio wa kushona. Jambo hilo karatasi nyingi za kununua hulieleza vibaya.

Utaona mengine ambayo picha haionyeshi: kwamba chini ya mguu wa mkanda, yaani ile ncha inayoshonwa kwenye mkoba, kuna kipande cha pili kilichofichwa, kwamba zipu ilishonwa kabla ya bitana (ngozi au kitambaa cha upande wa ndani), kwamba ukingo ulipunguzwa unene kabla ya kukunjwa. Tahadhari moja tu: ngozi kuukuu imevutika. Kipande cha mbele na cha nyuma vilikuwa sawa siku vilipokatwa, leo vimepishana. Chukua kile kilichonyooka zaidi, kikunje katikati kwa urefu, usahihishe nusu moja kwa nyingine, kisha chora.

Pateni ni ya ngozi ya mm 1.5, mimi nina ya mm 2.5. Si ni ngozi tu?

Hili ndilo swali ambalo laiti watu wangeliuliza kabla ya kukata. Pateni haiijui ngozi yako. Aliyeichora alikuwa na ngozi yake mezani, na kila kipimo alichoandika kimebeba unene wa ngozi ile ndani yake.

Chukua ubavu wenye bitana. Ukanda wa nje na wa ndani vinapinda pamoja kwenye pembe mbili za chini. Wa nje unazunguka njia ndefu, wa ndani unapita njia ya mkato. Kama zote mbili ni ngozi ya mm 2, kwenye kila pembe ya nyuzi 90 ya ndani inazidi kwa karibu mm 3. Pembe mbili ni mm 6. Ukizikata sawasawa, ya ndani itajikunja kama shuka lililotandikwa vibaya. Mwenye ngozi ya mm 1 hapotezi usingizi kwa hilo, maana kwake tofauti ni nusu yake.

Halafu kuna mikoba inayoshonwa ndani nje kisha ikageuzwa. Kwa ngozi laini ya mm 1 au 1.2 inageuka vizuri. Kwa mm 2.5 utapigana nayo mpaka mshono ukatike, na ikikubali kugeuka pembe zake zitakuwa na makunyanzi. Ngozi nene inataka mshono wa nje, kingo zikionekana. Kwa hiyo ama badili ngozi, ama badili pateni.

Lazima nitengeneze wa majaribio?

Ndiyo. Tumia reksini, turubai, hata gunia, ilimradi unene usiachane sana na wa ngozi yako. Bana kwa vibanio vya nguo au shona kwa mkono haraka haraka. Weka ndani vitu unavyobeba kweli, uning'inize begani, simama mbele ya kioo. Mkanda ukiwa mfupi utaujua hapo, wakati kosa bado ni la shilingi chache. Kitambaa utakifumua ushone upya, lakini ngozi ikishatobolewa, tundu halifungi.

NGOZI

Ngozi gani inafaa mkoba?

Kwa mkoba wetu, ng'ombe, mm 1.8 hadi 2.2. Mbuzi ni nyembamba lakini ngumu kuchanika, safi sana kwa mfuko wa ndani na bitana. Kondoo ni laini kama shavu la mtoto na huvutika. Mkoba wa kondoo bila kitambaa cha kushikilia nyuma yake utakuwa na tumbo ndani ya miezi michache.

Swali kubwa zaidi ni imelainishwa kwa kutumia kitu gani. Kuna ngozi zilizotengenezwa kwa magome ya miti na zilizotengenezwa kwa chumvi za kromu. Ya magome huanza na rangi ya mchanga au hudhurungi hafifu, hunywa tone la maji mara moja na kuwa nyeusi pale, hushika umbo ukiikunja ikiwa na unyevu, na ukingo wake hung'aa ukisuguliwa. Ya kromu ni laini, hutoka katika rangi nyingi, haijali sana maji, na ukiikata mara nyingi katikati yake utaona ubluu au ukijivu. Ukingo wake haukubali kusuguliwa, hata ukesha.

Sisi huku hatuko mbali na magome hayo. Miwati ya Njombe, ile miti mnayoiona mkipita, magome yake hutoa dawa ya kulainishia ngozi inayofahamika duniani. Kwa hiyo siku ukiona kwenye pateni ya kigeni imeandikwa ngozi ya mimosa, tambua ni mwati uleule.

Pateni ikikwambia "sugua kingo zing'ae", inazungumzia ngozi ya magome. Wengi wananunua kromu kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani, kisha wanalaumu mikono yao.

Nitajuaje kama ni ngozi halisi?

Geuza nyuma. Ngozi ina manyoya-manyoya ya nyuzinyuzi, bandia ina kitambaa kilichofumwa au kitu kilicho sawasawa mno. Omba kipande kidogo uchome nje ya duka: ngozi hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu, plastiki huyeyuka na kudondoka. Usichome cha mwenye duka bila ruhusa, nimeona ugomvi.

Mteja wangu ni Mwislamu, anauliza kama bitana ni ya nguruwe. Naijuaje?

Tazama vinyweleo upande wa juu. Vya nguruwe hukaa matatu matatu, kama alama za uma mdogo, na mara nyingi vimepenya hadi upande wa pili. Vya ng'ombe ni vidogo na vimetawanyika. Bitana laini za ngozi zinazotoka nje ya nchi ndizo za kuangalia. Zikiwa zimesuguliwa upande wa juu mpaka vinyweleo havionekani, na muuzaji hajui, usiapie: tumia mbuzi uliyemnunua kwa mtu unayemjua, au kitambaa.

Ninunue futi ngapi?

Ngozi huuzwa kwa futi za mraba. Futi moja ya mraba ni sm za mraba 929. Tuupigie hesabu mkoba wetu:

Mbele na nyuma, 38 × 34 mara mbili: 2,584.
Ubavu, 10 × 106 (kwa makadirio tu, urefu halisi tutaupata kwenye kushona): 1,060.
Mikanda miwili, 2.5 × 60 kila mmoja: 300.
Mfuko wa ndani, 20 × 15: 300.

Jumla 4,244, gawanya kwa 929, unapata futi 4.6. Ukinunua futi 4.6 utalia, kwa kuwa ngozi haina umbo la meza. Ina shingo, ina tumbo, ina makovu. Ongeza asilimia 30 hadi 40, yaani futi 6 hadi 6.5. Na kama mikanda utaifanya ya tabaka mbili (nakushauri hivyo, tutafika), sema 7.

Ngozi yangu ina makovu na alama za chapa. Nimepunjwa?

Ng'ombe wetu wameishi porini, wamepita kwenye miiba, wameumwa na kupe, wamepigwa chapa kwa moto na wakati mwingine wamechunwa na mtu mwenye haraka. Alama hizo zipo kwenye ngozi nyingi za Afrika Mashariki. Tofautisha mbili: alama za juu tu, na majeraha yaliyopenya. Pitisha kiganja upande wa nyuma. Ukikuta mtaro wa kisu cha mchunaji, pale ni pembamba na patakatika. Pazungushie chaki, usipatumie kwa chochote kinachobeba uzito.

Kovu la mwiba lililopona ni jambo lingine. Mimi huliweka mbele kabisa ya mkoba, na wateja wengine huchagua mkoba kwa sababu yake. Chapa ya moto ni ngumu, sindano hulalamika, lakini katikati ya kipande ambapo hapapiti mshono inapendeza sana.

Kanuni ya kupanga vipande: mikanda kata sambamba na uti wa mgongo, karibu nao. Mbele na nyuma zifuatie mgongoni na mapajani. Tumbo na makwapa huvutika kama mpira. Huko toa vitu vidogo visivyovutwa. Panga vipande vyote juu ya ngozi kwanza, chora vyote, ndipo ukate cha kwanza.

Naweza kutumia jaketi la ngozi la mtumba?

Kwa kujifunza, ni njia nafuu kuliko zote. Mgongo wa jaketi kubwa unatoa kipande kizuri. Lakini ni ngozi nyembamba, mara nyingi kondoo au mbuzi ya karibu mm 1, kwa hiyo ibandike kitambaa kigumu nyuma, na tumia pateni ya mkoba laini unaogeuzwa. Kagua kwapani na kwenye kola, jasho hukausha ngozi.

KUKATA NA KUBANDIKA

Vifaa vya chini kabisa ni vipi?

Kisu kikali, rula ya chuma, bikari, uma wa kutobolea wa mm 4, nyundo ya mbao au ya plastiki, sindano mbili butu, uzi wa poliesta wa mm 0.8 uliopakwa nta, msasa, gundi ya viatu. Msharasi wa fundi viatu utakusaidia pembeni ambapo uma haufiki. Kisu usihangaike kuagiza: mafundi viatu wengi wanatumia kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa, na kinakata kuliko visu vingi vya dukani. Nta ya nyuki nunua kipande kizima.

Uma usiununue wa bei rahisi mno. Meno yakiwa yamepinda hata kidogo, mshono wote utacheza, na utadhani ni mkono wako.

Kukata kuna siri gani?

Kisu kikali na kutokuwa na haraka. Pita mara mbili tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Pembe za duara kata kwa kuzungusha ngozi, kisu kikae.

Gundi haishiki.

Umebandika mapema au umebandika juu ya uso unaong'aa. Kwangua kwa msasa ule ukanda wa mm 5 pembeni, paka pande zote mbili nyembamba, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka kidole kisinate, kisha kutanisha na ugonge. Fungua madirisha. Na jiko la mkaa liwe mbali kabisa: mvuke wa gundi hii hushika moto, na hili sisemi kwa kutisha.

KUSHONA

Ubavu na kipande cha mbele havikubaliani. Nabaki na matundu ya ziada kila mara. Kwa nini?

Sasa tumefika kwenye kaburi la mikoba mingi. Anayeanza hujumlisha: kimo 34, upana 38, kimo 34, ubavu ni sm 106. Lakini pembe za chini za mkoba wetu zimeviringwa, tuseme kwa kipimo cha bikari cha sm 5. Ukizunguka pembe hukanyagi njia yote ya kona. Ukipima ukingo halisi unapata sm 101.7. Na sindano haipiti ukingoni. Inapita mm 4 ndani, ambako njia ni fupi zaidi: sm 100.5. Kutoka 106 hadi 100.5 ni sm tano na nusu zilizopotea, na hakuna aliyekuibia.

Njia isiyo na hesabu: chora mstari wa mshono kwa bikari kwenye kipande cha mbele, laza uzi juu ya mstari huo mwanzo hadi mwisho, kisha nyoosha uzi uupime. Huo ndio urefu wa mstari wa mshono kwenye ubavu.

Ila hata hivyo, usiamini urefu, amini idadi. Tafuta katikati ya chini ya kipande cha mbele, tia alama. Tafuta katikati ya ubavu, tia alama. Anza kutoboa pale katikati ukielekea juu upande mmoja, kisha rudi katikati uelekee upande wa pili. Kwenye pembe tumia uma wa meno mawili tu. Hesabu matundu ya kila upande na uyaandike, kwa mfano 125 na 125. Kisha toboa idadi ileile kwenye ubavu ulionyooka, kutoka katikati vilevile. Ubavu uache mrefu kwa sm 2 kila upande, utaukata juu mwishoni. Ukishona, anza chini katikati, panda. Kosa lolote litapanda nawe hadi mdomoni mwa mkoba, ambako kisu kinalimaliza.

Na kipande cha nyuma kipimie kwa kile cha mbele, si kwa karatasi.

Mshono wa sindano mbili unafanywaje?

Uzi mmoja, sindano kila mwisho. Pitisha sindano moja tundu la kwanza, vuta mpaka nyuzi ziwe sawa pande zote. Tundu linalofuata: sindano ya kushoto inapita, unavuta kidogo, kisha ya kulia inapita tundu hilohilo kutoka upande wake, bila kuuchoma uzi wa kwanza. Vuta mikono yote kwa nguvu moja. Rudia kwa mpangilio uleule, kwa sababu ukibadilisha anayetangulia, mshono hubadili mwelekeo na jicho linauona. Mwisho rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata, yeyusha ncha ya poliesta kwa kiberiti.

Uzuri wake ni kwamba nyuzi mbili zimepita kila tundu. Mmoja ukikatika, wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizofungana katikati ya ngozi. Mmoja ukiachia, mwenzake hana cha kushika.

Urefu wa uzi: mara nne ya mshono, na zaidi ngozi ikiwa nene. Mshono wetu wa sm 100 ungetaka mita 4, ambazo zitakutatiza mikono na kuchakaza uzi. Gawanya nusu: sm 50 kila upande, mita 2, yaani pima moja na kidogo ya mikono yako. Kushikilia kazi, mbao mbili zilizobanwa kati ya magoti zinatosha.

Cherehani yangu ya nyumbani itaweza?

Tabaka mbili za mbuzi, kwa sindano ya ngozi na mshono mrefu, cherehani ya chuma ya kukanyaga inaweza kukubali. Ng'ombe wa mm 2 mara mbili, hapana. Peleka kwa fundi viatu mwenye cherehani ya mkono, lakini ashone mbele yako, kwani mguu wa cherehani huacha alama na matundu ya jana hayafutiki.

Zipu na bitana viende lini?

Kabla ya kufunga mkoba, vikiwa bado bapa mezani. Pakaza nta kwenye meno ya zipu ya chuma.

Mikanda yangu inang'oka. Niongeze ribiti?

Ribiti za madukani, zile za kugongwa zenye tundu ndani, zinapamba zaidi kuliko zinavyobeba. Kinachong'oka kwa kawaida ni ngozi ya mkoba, mkanda wenyewe ukiwa mzima. Weka kipande cha pili cha ngozi nyuma ya mguu wa mkanda, ndani ya mkoba, kikubwa kuliko mguu wenyewe kwa sm 1 kila upande. Mguu uwe na sm 5, ushonwe kama boksi, pande zote nne. Mkanda wenyewe tabaka mbili zilizobandikwa na kushonwa. Ribiti ongeza ukipenda mwonekano wake.

Viatu vya makubadhi vya pwani vinafundisha hili: tazama ukanda wake unavyoingia kwenye soli na kushikwa kwa chini, wala haukubandikwa tu juu.

KINGO, HALI YA HEWA, BIASHARA

Kingo zangu hazing'ai.

Kama ni kromu, paka rangi ya ukingo au zikunje ndani. Kama ni ya magome: chonga kona za juu na chini, piga msasa mpaka tabaka zote ziwe kitu kimoja, lowesha kwa kidole, sugua kwa kitambaa cha jinzi kwa kasi mpaka upate joto. Kisha nta, usugue tena. Ukingo wa mkoba mmoja hunichukua muda kuliko kukata vipande vyote.

Naishi pwani, mkoba unaota ukungu kabatini.

Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, sote tuna kesi hiyo. Ngozi inataka hewa. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni. Tumia wa kitambaa. Ukungu ukitokea, toa nje kivulini penye upepo, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke yenyewe. Usianike juani, itakakamaa na kupasuka.

Naruhusiwa kuuza mkoba niliotengeneza kwa pateni ya kununua?

Soma masharti ya aliyekuuzia. Wengine wanaruhusu uuze mikoba, wengine wanasema kwa matumizi yako tu. Karibu wote wanakataza kuuza au kusambaza faili lenyewe, na hilo ndilo linalofanyika kila siku kwenye makundi ya simu.

Bei niipange vipi?

Andika saa ulizotumia, zote, pamoja na za kwenda Kariakoo kutafuta zipu. Watu wanahesabu ngozi na uzi, wanasahau mikono, halafu wanashangaa kwa nini mwezi umeisha na mfuko mtupu.

Kuna mahali pa kusomea?

Tanzania, kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) iliyopo jijini Mwanza inafundisha teknolojia ya ngozi. Kenya, Thika kuna kituo cha serikali cha mafunzo ya viatu, na soko la Kariokor, Nairobi, limejaa mafundi wa viatu na bidhaa za ngozi. Kaa na mmoja wiki moja, mnunulie chai, tazama mikono yake.

Wa kwanza utanichukua muda gani?

Wikiendi mbili, ukihesabu wa majaribio. Wangu ulichukua wiki tatu. Nilichapisha bila kupima mraba, ubavu ukazidi, nikaukunja chini kwa siri, na mfuko wa ndani nikaushona kichwa chini. Mke wangu anaubebea vitunguu hadi leo.